Uchunguzi wa betri na mfumo wa kuchaji wa gari

Uchunguzi wa betri na mfumo wa kuchaji wa gari ni hatua za kutafuta kwa nini gari halipati umeme wa kutosha kuwasha injini au kuendesha taa na vifaa vyake. Sehemu kubwa ya uchunguzi huu inaweza kufanywa nyumbani na mtu asiye fundi, akiwa na multimita ya bei nafuu, spana ya namba 10 na muda wa kutosha.

Gari lililogoma kuwaka asubuhi linaweza kuwa na betri iliyochoka, alteneta isiyochaji, terminali yenye kutu au taa ya buti iliyowaka usiku kucha. Kwa kuwa sababu zote hizi huonekana kama betri iliyoisha, betri ndiyo hulaumiwa kwanza. Mara nyingi mwenye gari hununua betri mpya, kisha tatizo hurudi baada ya siku chache kwa sababu chanzo hakikuguswa. Vipimo vitatu vya volti hutosha kutenganisha sababu hizi katika hali nyingi: kimoja gari likiwa limezimwa, kingine wakati wa kupiga stata, na cha tatu injini ikiwa inanguruma.

Makala hii inahusu hasa magari ya petroli na dizeli yenye umeme wa volti 12 na betri ya risasi na asidi. Malori ya volti 24 na magari mseto yanaelezwa karibu na mwisho.

Sehemu za mfumo

Betri ya risasi na asidi ilibuniwa na Mfaransa Gaston Planté mwaka 1859. Magari ya kwanza hayakuihitaji kwa kuwasha injini, kwa maana dereva alizungusha hendeli kwa mkono. Stata ya umeme, iliyobuniwa na Mmarekani Charles Kettering, ilianza kutumika katika magari ya Cadillac ya mwaka 1912, na tangu hapo betri kubwa ikawa sehemu ya lazima ya gari.

Betri ya volti 12 ina seli sita zilizounganishwa kwa mfululizo. Kila seli ikijaa hutoa takriban volti 2.1, hivyo betri nzima hufikia kama volti 12.6. Ndani ya kila seli kuna mabamba ya risasi na mabamba ya dioksidi ya risasi yaliyozama katika asidi ya sulfuriki iliyochanganywa na maji. Betri inapotoa umeme, asidi hupungua nguvu na mabamba hufunikwa na salfeti ya risasi. Inapochajiwa, mabadiliko hayo hurudi nyuma. Lakini betri ikiachwa tupu kwa siku nyingi, salfeti hiyo hugeuka kuwa fuwele ngumu zisizoyeyuka kwa urahisi, na uwezo wa betri hupungua moja kwa moja. Kwa hiyo betri ya gari haivumilii kuishiwa chaji mara kwa mara, hata ikiwa mpya.

Kazi kubwa ya betri ni kuzungusha stata. Katika gari dogo la petroli kazi hiyo huvuta kati ya ampea 100 na 200 kwa sekunde chache, na injini ya dizeli huvuta zaidi. Injini ikishawaka, umeme wote wa gari hutakiwa kutoka kwenye alteneta, ambayo huzungushwa na injini kwa kutumia fenibelti. Alteneta huzalisha mkondo geu; diodi zilizomo ndani yake huugeuza kuwa mkondo mnyoofu unaofaa kwa betri, na regyuleta huzuia volti zisipande kupita kiasi. Mkondo hupita katika waya mnene kwenda ncha chanya ya betri, na hurudi kupitia chuma cha injini na bodi ya gari hadi ncha hasi. Sehemu hiyo ya marudio, ambayo mafundi huiita ethi, husahaulika sana wakati wa kutafuta kosa.

Tahadhari

Betri inayochajiwa hutoa gesi ya hidrojeni, ambayo hulipuka ikikutana na cheche. Sigara, kiberiti na taa ya moto havitakiwi karibu nayo. Pete, saa na bangili za chuma huvuliwa, kwa kuwa pete ikigusa spana iliyounganisha ncha chanya na bodi hupata moto wa kuunguza kidole mara moja.

Waya wa ncha hasi hufunguliwa wa kwanza na kurudishwa wa mwisho. Sababu ni kwamba bodi yote ya gari imeunganishwa na ncha hasi. Anayefungua ncha chanya kwanza akigusisha spana yake na bodi husababisha shoti. Ncha hasi ikiwa imeshafunguliwa, kugusa huko hakuna madhara. Asidi ikiruka machoni, macho huoshwa kwa maji safi yanayotiririka kwa muda usiopungua dakika 15, kisha mtu hupelekwa hospitali.

Kabla ya kufungua betri katika gari la kisasa ni vizuri kujua kama redio inadai namba ya siri baada ya kukosa umeme. Inafaa pia kushusha kioo kimoja, kwani baadhi ya magari hujifunga yenyewe umeme unaporudi.

Dalili kabla ya kupima

Sauti ya gari wakati wa kuwasha hueleza mengi. Stata ikizunguka kwa uzito na taratibu, kana kwamba injini imekuwa nzito, betri haina chaji ya kutosha au umeme unapotea kwenye nyaya. Mlio wa haraka wa *tik-tik-tik-tik* huku taa za dashibodi zikififia humaanisha jambo hilohilo kwa kiwango kibaya zaidi: kuna umeme wa kuvuta swichi ya stata, lakini hautoshi kuizungusha. Mlio mmoja mzito wa *tak* huku taa zikibaki na mwanga mkali huelekeza kwenye stata yenyewe. Kimya kabisa, taa zikiwa zinawaka vizuri, hutokana mara nyingi na swichi ya ufunguo, rilei, au gia ya otomatiki isiyokaa sawasawa kwenye P au N. Kimya kabisa na taa zote zikiwa zimekufa ni betri tupu au terminali iliyoachia.

Stata ikizunguka kwa kasi ya kawaida lakini injini isishike, betri haina hatia; tatizo liko kwenye mafuta, plagi au kompyuta ya injini. Hapo ndipo watu wengi huiua betri nzima kwa kuendelea kupiga stata.

Taa ndogo yenye picha ya betri kwenye dashibodi hutakiwa kuwaka ufunguo unapofunguliwa na kuzimika mara injini inapoanza kunguruma. Ikibaki inawaka, alteneta haichaji. Isipowaka kabisa ufunguo unapofunguliwa, hilo nalo ni kosa, maana katika magari mengi ya zamani umeme unaopita kwenye taa hiyo ndio unaoiamsha alteneta, na balbu ikiungua alteneta nzima huweza kukaa bila kuchaji. Kuzimika kwa taa hiyo si uthibitisho kwamba kila kitu ni kizima: alteneta dhaifu inaweza kuchaji kidogo tu bila taa kuwaka.

Baada ya hapo boneti hufunguliwa na macho hufanya kazi. Unga mweupe au wa kijani-bluu kwenye terminali, terminali inayozunguka kwa kusukumwa na mkono, betri iliyovimba ubavuni, harufu ya mayai yaliyooza na fenibelti iliyopasuka au kulegea ni dalili zinazoweza kumaliza uchunguzi kabla haujaanza. Fenibelti inayolia asubuhi au wakati taa na kiyoyozi vinapowashwa kwa pamoja inateleza, na alteneta inayoteleza haichaji ipasavyo.

Vipimo vitatu

Multimita huwekwa kwenye volti za mkondo mnyoofu, kiwango cha 20. Waya mwekundu hugusishwa ncha chanya na mweusi ncha hasi. Ni muhimu kugusa ncha ya risasi yenyewe, si terminali iliyoishika, ili kupima betri bila kuchanganya na kutu iliyo kati yake.

*Kipimo cha kwanza* hufanywa gari likiwa limezimwa. Betri iliyotoka kuchajiwa huonyesha volti za juu zisizo za kweli, kwa hiyo ni bora kupima baada ya gari kulala usiku. Haraka ikiwepo, taa kubwa huwashwa kwa dakika mbili, huzimwa, na betri huachwa itulie dakika chache. Majibu husomwa takriban hivi:

- volti 12.6 au zaidi: betri imejaa
- volti 12.4: robo tatu
- volti 12.2: nusu
- volti 12.0: robo
- chini ya 11.9: betri ni tupu

Inashangaza wengi kwamba volti 12.0 si "karibu na kujaa". Tofauti ya betri iliyojaa na iliyokwisha haifiki volti moja, na ndiyo sababu kukisia kwa mwanga wa taa au mlio wa honi hakutoshi. Betri inayoonyesha karibu 10.5 hata baada ya kuchajiwa kwa saa nyingi huwa imepoteza seli moja kati ya sita, na haiponi.

Betri yenye vifuniko vya kufungua huweza pia kupimwa kwa hidromita, ambayo hufyonza asidi kidogo na kuonyesha ukolezi wake. Seli iliyojaa huwa karibu na 1.265 na iliyokwisha karibu na 1.120, betri zilizotengenezwa kwa nchi za joto huweza kuwa na ukolezi mdogo kidogo. Kinachotafutwa zaidi ni tofauti kati ya seli: tano zikiwa sawa na moja ikiwa chini sana, betri imeharibika. Betri zinazoitwa "kavu" madukani nazo zina asidi ndani, ila zimefungwa. Baadhi zina kijicho cha rangi juu yake, lakini kijicho hicho huangalia seli moja tu na hakijui habari za nyingine tano.

*Kipimo cha pili* hufanywa wakati wa kupiga stata. Mtu mmoja huangalia mita na mwingine hupiga stata kwa sekunde chache. Volti hushuka, na hilo ni la kawaida. Betri nzima hubaki juu ya volti 10 au karibu yake. Ikishuka chini ya 9.6 ilhali kipimo cha kwanza kilionyesha betri imejaa, betri imechoka: ina volti lakini haina nguvu ya kutoa ampea nyingi. Kipimo hiki ndicho kinachofichua betri ambayo mwenyewe anaapa kwamba ni nzima kwa sababu redio inapiga na taa zinawaka. Redio huvuta ampea chache tu, ilhali stata huvuta zaidi ya mia.

Kama betri ilikuwa chini ya volti 12.4 tangu mwanzo, kipimo cha pili hakimhukumu mtu wala kitu. Inapaswa kuchajiwa kikamilifu kwanza, kisha kupimwa upya.

*Kipimo cha tatu* hufanywa injini ikiwa inanguruma. Katika magari mengi mita hutakiwa kusoma kati ya volti 13.8 na 14.7. Kisha taa kubwa, feni ya kiyoyozi na kiondoa ukungu cha kioo cha nyuma huwashwa kwa pamoja, na injini huongezwa mwendo kidogo. Alteneta nzima hubaki juu ya volti 13.5. Mita ikisoma sawa na ilivyosoma injini ilipokuwa imezimwa, au ikishuka polepole kadiri dakika zinavyopita, alteneta haichaji na gari linatumia akiba ya betri. Ikipanda juu ya volti 15, regyuleta imekufa; betri itachemka, maji yatapungua na balbu zitaungua moja baada ya nyingine.

Magari mapya kidogo huwa na alteneta inayoongozwa na kompyuta. Hayo huweza kusoma volti 12.8 kwa dakika kadhaa bila kosa lolote, kisha kupanda gari linapopunguza mwendo. Kwa magari ya aina hiyo kipimo hurudiwa taa kubwa zikiwa zimewashwa kabla ya kutoa hukumu.

Diodi iliyoungua huacha mkondo geu kupenya. Mita ikiwekwa kwenye volti za mkondo geu, injini ikinguruma na taa zikiwa zimewashwa, hutakiwa kuonyesha chini ya 0.5. Baadhi ya mita za bei ya chini hudanganyika hapa: huonyesha namba kubwa hata zikiunganishwa na betri iliyofunguliwa kabisa kutoka kwenye gari. Mita hujaribiwa hivyo kwanza kabla ya kuilaumu alteneta.

Kusoma majibu

Gari likiwa na volti 12.6 likizimwa, likashuka hadi 8.4 wakati wa stata na likasoma 14.3 likinguruma, kosa ni betri. Likiwa na 11.8 likizimwa, likawashwa kwa msaada wa gari jingine, kisha likasoma 12.1 na kuendelea kushuka, kosa ni alteneta, fenibelti au waya unaotoka huko. Kununua betri mpya kwa gari hili la pili ni kununua siku moja au mbili tu za kutembea.

Hali ya tatu ndiyo inayosumbua zaidi: gari huchaji volti 14.2 bila shida, huzimwa jioni likiwa zima, na asubuhi betri ni tupu. Ama betri inajimaliza yenyewe, ama kitu ndani ya gari kinainyonya. Njia rahisi ya kutofautisha haihitaji hata ujuzi wa kupima ampea. Betri huchajiwa ijae, waya wa ncha hasi hufunguliwa jioni na kutengwa, na volti hupimwa. Asubuhi hupimwa tena. Ikibaki 12.6, betri ni nzima na mwizi yuko ndani ya gari. Ikishuka ilhali haikuunganishwa na chochote, betri yenyewe ndiyo mbovu.

Kuna pia betri na alteneta nzima zinazoshindwa na matumizi tu. Gari linalokwenda kilomita tatu kila siku kwenye foleni ya Dar es Salaam au Nairobi, kiyoyozi kikiwa kimewashwa na injini ikinguruma polepole muda mwingi, huenda lisirudishe kwenye betri kiasi ambacho stata ilichukua. Alteneta hutoa umeme mdogo injini inapokuwa kwenye mwendo wa kusimama. Dawa ya gari kama hilo ni kuchaji betri kwa chaja ya nyumbani mara moja moja, au kulipeleka safari ndefu.

Terminali na nyaya

Kabla ya kubadilisha kifaa chochote, terminali husafishwa. Hili ni kosa la bei nafuu kuliko yote na huonekana mara nyingi sana. Unga mweupe huondolewa kwa maji ya uvuguvugu yaliyotiwa magadi, ambayo huua asidi kwa kutoa mapovu. Vifuniko vya seli huwa vimefungwa vizuri ili magadi yasiingie ndani. Kisha ncha na terminali husuguliwa kwa msasa hadi ziwe na rangi ya chuma, hukazwa, na kupakwa mafuta ya mgando au grisi kwa juu. Grisi hupakwa baada ya kukaza, si kabla.

Kutu iliyofichwa ndani ya waya hupatikana kwa kupima upotevu wa volti. Injini ikinguruma na taa zikiwa zimewashwa, ncha moja ya mita hugusishwa ncha chanya ya betri na nyingine bolti kubwa ya umeme iliyo nyuma ya alteneta, mikono na nguo zikiwa mbali na fenibelti na feni. Mita inaonyesha volti zinazopotea njiani, na hazitakiwi kuzidi takriban 0.2. Kipimo hichohicho hurudiwa kati ya ncha hasi na ganda la alteneta. Upotevu mkubwa upande wa hasi humaanisha waya wa ethi kati ya injini na bodi umelika au bolti yake imelegea, jambo la kawaida baada ya injini kushushwa na kurudishwa.

Uvujaji wa umeme gari likiwa limezimwa

Kila gari la kisasa huvuta umeme kidogo hata likiwa limefungwa, kwa ajili ya saa, alamu na kumbukumbu za kompyuta. Kiasi cha hadi ampea 0.05 kwa kawaida huhesabiwa kuwa kidogo. Hata hivyo, ampea 0.05 kwa siku nzima ni ampea-saa 1.2, na kwa betri ya ampea-saa 45 hiyo ni nusu ya chaji kwa muda wa siku 18 au 19. Gari lililoachwa mwezi mzima wakati mwenyewe amesafiri linaweza kugoma kuwaka bila kuwa na kosa lolote.

Balbu ya wati 5 kwenye buti au kwenye kisanduku cha mbele huvuta kama ampea 0.4, na humaliza nusu ya betri hiyohiyo kwa siku mbili na ushee. Taa kubwa mbili za wati 55 huvuta zaidi ya ampea 9 na humaliza betri nzima kabla ya saa tano.

Ili kupima uvujaji, waya mwekundu wa mita huhamishiwa kwenye tundu la ampea 10. Terminali hasi hufunguliwa, na mita huunganishwa kati ya ncha hasi ya betri na terminali iliyofunguliwa, ili umeme wote upite ndani ya mita. Gari likiwa katika hali hii haliwashwi kabisa, kwa kuwa ampea za stata huunguza fyuzi ya mita. Milango hufungwa au kitasa chake hubanwa ili gari lidhani imefungwa, ufunguo wa rimoti huwekwa mbali, na mpimaji husubiri. Kompyuta za gari huchukua dakika 20 hadi saa nzima kulala, na namba kubwa inayoonekana dakika za mwanzo si kosa. Wengi hukata tamaa hapa, au hulaumu kifaa kizima, kwa sababu hawakusubiri.

Namba ikibaki kubwa, fyuzi hutolewa moja moja huku mita ikitazamwa. Fyuzi inayoishusha namba ndiyo inayolisha mkosaji. Katika magari ya Afrika Mashariki ni vyema kuanza na vitu vilivyoongezwa baada ya gari kununuliwa: redio, alamu, kifaa cha kufuatilia gari na taa za ziada, kwani huunganishwa mara nyingi moja kwa moja na betri bila kupita kwenye swichi ya ufunguo. Fyuzi zote zikitolewa bila mabadiliko, waya wa alteneta huchunguzwa. Diodi mbovu huweza kunyonya betri usiku kucha, na alteneta huwa ya uvuguvugu asubuhi ilhali injini ni ya baridi.

Majaribio yanayoharibu

Jaribio la kufungua terminali ya betri injini ikiwa inanguruma, ili kuona kama injini itazimika, bado hufanywa katika gereji nyingi. Linatoka enzi za dainamo, wakati magari hayakuwa na vifaa vya elektroniki. Katika gari lenye alteneta, betri hufanya kazi ya kutuliza volti. Ikiondolewa ghafla, volti huweza kuruka juu sana kwa kitambo kidogo na kuua diodi, regyuleta au kompyuta ya injini. Tena jibu lake halina maana, kwa sababu injini inaweza kuendelea kunguruma kwa alteneta inayotoa umeme pungufu. Mita ya bei ndogo hutoa jibu sahihi zaidi bila kuhatarisha chochote.

Kugusisha ncha mbili za betri kwa waya ili kuona cheche ni hatari na hakupimi kitu, kwani hata betri dhaifu hutoa cheche. Kuongeza asidi kwenye betri iliyochoka nako ni kosa. Kinachopungua kwenye betri kwa joto na kuchajiwa ni maji, na kinachoongezwa ni maji ya betri tu, yaani maji yaliyokenekwa yasiyo na chumvi. Asidi ya ziada huonekana kufufua betri kwa siku chache huku ikiyala mabamba. Maji ya bomba, na zaidi ya kisima, huacha madini ndani ya seli.

Kuwasha gari kwa betri ya gari jingine

Magari mawili yenye volti sawa huwekwa karibu bila kugusana. Waya mwekundu huunganishwa kwanza kwenye ncha chanya ya betri tupu, kisha ncha chanya ya betri nzima. Waya mweusi huunganishwa ncha hasi ya betri nzima, na mwisho wake wa pili hubanwa kwenye chuma kitupu cha injini ya gari bovu, mbali na betri, ili cheche ya mwisho isitokee penye hidrojeni. Nyaya huondolewa kwa mpangilio wa kinyume. Kugeuza chanya na hasi huunguza fyuzi kuu na diodi za alteneta papo hapo.

Tendo hili nalo ni kipimo. Gari likizimika muda mfupi baada ya nyaya kuondolewa, alteneta ndiyo mshukiwa. Likitembea siku nzima na kugoma kesho yake asubuhi, mshukiwa ni betri au uvujaji. Gari la gia za otomatiki kwa kawaida haliwashwi kwa kusukumwa.

Malori na magari mseto

Malori na mabasi mengi hutumia volti 24 kutoka betri mbili za volti 12 zilizounganishwa kwa mfululizo. Vipimo huzidishwa mara mbili, lakini kila betri hupimwa peke yake. Kosa linalojirudia katika malori ni redio au chaja ya simu ya volti 12 iliyounganishwa na betri moja tu kati ya mbili. Betri hiyo huisha, nyenzake huchajiwa kupita kiasi, na zote mbili hufa mapema. Zikibadilishwa, hubadilishwa kwa pamoja.

Gari mseto kama Toyota Prius halina alteneta ya kawaida. Betri yake ndogo ya volti 12, ambayo katika matoleo mengi iko nyuma kwenye buti, huchajiwa kutoka betri kubwa kupitia kigeuzi. Kwa kuwa haizungushi stata, huchoka bila kutoa dalili ya kuzunguka taratibu; gari hukataa tu kuingia hali ya kuwa tayari, na dashibodi hujaa taa za onyo zinazomtisha mwenyewe kwamba betri kubwa imekufa. Kupima ile ndogo kwanza huweza kuokoa gharama kubwa. Nyaya za rangi ya chungwa katika magari haya hubeba volti za kuua na haziguswi nyumbani.

Betri mpya na betri iliyokwisha

Joto huzeesha betri haraka kuliko baridi, hivyo betri ya Mombasa au Dodoma haitarajiwi kudumu kama ya mahali penye baridi. Betri mpya hupimwa dukani kabla ya kulipiwa. Iliyokaa rafuni hadi kushuka chini ya volti 12.4 imeanza kuharibika. Magari kutoka Japani hutumia namba kama 55B24L: 55 ni kiwango cha nguvu, B ni ukubwa wa ubavu, 24 ni urefu kwa sentimita, na herufi ya mwisho, L au R, huonyesha upande ilipo ncha chanya. Mwenye gari akikosea herufi hiyo, hukuta waya haufiki, au huunganisha kinyume. Gari linalozima injini lenyewe kwenye taa za barabarani huhitaji betri ya aina iliyotengenezwa kwa ajili hiyo.

Betri iliyokwisha ina kilo kadhaa za risasi pamoja na asidi, na haivunjwi nyumbani wala kutupwa jalalani. Risasi hudhuru ubongo wa watoto hata kwa kiasi kidogo. Katika makazi ya Owino Uhuru mjini Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri za zamani kilichofanya kazi hadi mwaka 2014 kilichafua udongo na hewa, na wakazi wakiwemo watoto walikutwa na risasi katika damu. Phyllis Omido, aliyeongoza harakati za kukifunga, alipewa Tuzo ya Mazingira ya Goldman mwaka 2015. Maduka mengi ya betri hupokea ya zamani na kupunguza bei ya mpya, kwa sababu risasi yake huuzika.